Kaandika nani hasa? Toccata, Adagio, Requiem, Waebrania na Periplus, uanze na ipi

Mpwa wangu anajifunza kinanda, mzee jirani yangu kastaafu na kazi yake sasa ni kusoma tu, na wote wawili wiki moja wameniletea swali lilelile, wanataka kuzama kwenye hizi kazi ambazo jina la mtunzi lina utata, sasa waanze na ipi. Mpwa kasikia ile Toccata ya Bach labda si ya Bach, akachanganyikiwa kama mtu aliyeambiwa baba si baba. Mzee yeye anajua toka zamani kwamba Waebrania haina saini. Nikaanza kuwajibu kwa voisi noti nikaona bando linaisha sijafika hata nusu, bora niandike.

Nimechukua tano, tatu za muziki na mbili za maandishi ya kale. Zipo zingine kibao ila hizi nimekaa nazo mwenyewe, na kila moja shaka yake ni ya namna yake. Watu wakisikia "haijulikani kaandika nani" wanadhani ni ugonjwa mmoja, wakati ni kama homa, inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa taifodi, inaweza kuwa umelala na feni inakupuliza kifuani. Ukishajua wewe unapenda kufuatilia shaka ya aina gani, kuchagua kunakuwa rahisi.

Tutambulishane fasta basi.

Toccata na Fyuga ya D maina, BWV 565 (hiyo ni namba yake kwenye orodha ya kazi za Bach), ni ya kinanda cha kanisani. Hata kama jina hulijui, muziki unaujua, ni ule wa sinema za kutisha, mtu akisukuma tu mlango wa jumba la popo unapigwa. Jina lililopo ni Johann Sebastian Bach, 1685 hadi 1750. Adagio ya G maina ni ya vyombo vya nyuzi na kinanda, ya polepole na ya huzuni kweli, na inauzwa kwa jina la Tomaso Albinoni wa Venice, 1671 hadi 1751. Requiem K. 626 ni misa ya wafu ya Mozart, aliyefariki 5 Desemba 1791 akiwa na miaka 35, kazi haijaisha. Waraka kwa Waebrania uko kwenye Biblia yako hapo nyumbani. Na Periplus ya Bahari ya Eritrea ni mwongozo wa safari na biashara wa Kigiriki, wa karne ya 1, unatoka Bahari ya Shamu, tawi moja linashuka mpaka pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, lingine linaenda India. Huu wa mwisho mzee hakuwahi kuusikia, na nilipomwambia tumetajwa humo alikaa kimya kama dakika nzima.

Nitazipima kwa mambo manne: karatasi zinasema nini, sikio au jicho linasema nini, ukifuta jina kinabaki nini, halafu muda na mfuko.

Karatasi

Toccata haina karatasi hata moja ya mkono wa Bach. Nakala ya zamani kuliko zote ni ya Johannes Ringk, huyu alikuwa mwanafunzi wa Johann Peter Kellner, na Kellner alikuwa mtu wa kunakili sana kazi za Bach. Nakala yenyewe haina tarehe. Mpaka inachapishwa ni 1833, Bach yuko kaburini miaka 83. Ni kama shamba la ukoo, kila mtu anasema ni la babu, hati hakuna, ila aliyesema ni mtoto wa jirani aliyekuwa anamfahamu babu. Mahakamani ungeshinda? Labda. Ungelala usingizi? Hapana.

Adagio tatizo lake ni karatasi yenyewe. Kuna msomi wa Italia, Remo Giazotto, aliyekuwa amebobea kwenye Albinoni, kaandika maisha yake na kupanga orodha ya kazi zake. Akasema amepata kipande kilichotoka maktaba ya Dresden, mji uliopigwa mabomu Februari 1945, na kwenye kipande hicho kuna mstari wa besi na baa chache tu (vile vipande vidogo vya kuhesabia mapigo kwenye nota) za melodia, basi yeye akajazia. Ikachapishwa 1958. Sasa hicho kipande hakukitoa hadharani mpaka anafariki 1998, na maktaba ya Dresden nayo imesema kwenye mali zake haina kitu cha namna hiyo. Wengine wanadaka hapohapo kwamba alisajili haki kwa jina lake, mimi hilo silioni kuwa ushahidi mkubwa, anayepanga upya kazi ya zamani naye ana haki zake. Ila karatasi moja tu ingemaliza maneno yote, na karatasi haikutoka.

Requiem ni kinyume chake kabisa, karatasi zipo, ziko Maktaba ya Taifa ya Austria pale Vienna, na unaona mwandiko wa mtu na mtu. Hapa hapana swali la "ni yake au si yake", swali ni "yake inaishia wapi". Introitus, sehemu ya kufungulia misa, ameimaliza Mozart mwenyewe. Kuanzia Kyrie kuendelea aliandika sauti za waimbaji, besi, na dondoo za vyombo hapa na pale. Lacrimosa inakatika baada ya baa 8. Mjane wake Constanze alihitaji kazi iishe ili hela iliyobaki ilipwe, akampa kwanza Joseph Eybler, akaishia njiani, ndipo akaimaliza Franz Xaver Süssmayr, mwanafunzi wa Mozart. Na kisa kinanoga zaidi, aliyeiagiza, Count Franz von Walsegg, alikuwa na mpango wa kuipitisha kama kazi yake yeye kwa ajili ya marehemu mke wake! Kwa hiyo mtunzi kafa, mwanafunzi anajifanya mtunzi, na mteja naye anataka awe mtunzi. Ukurasa wa kwanza una saini ya Mozart na mwaka 792, yaani 1792, wakati mwenyewe alishakufa 1791. Süssmayr huyo. Mwandiko wake ulifanana na wa Mozart mpaka watu wakachanganya kwa miaka. Na ule mwaka 1958, mwaka uleule Giazotto anatoa Adagio yake, hati hizi zilipelekwa kwenye maonyesho ya dunia kule Brussels, mtu akachana kona ya ukurasa karibu na mwisho, penye maneno ambayo huenda ni kati ya ya mwisho Mozart kuandika, akaondoka nayo. Hiyo kona haijaonekana mpaka leo. Kila nikifika hapo nachukia upya.

Waebrania: kwenye kitabu cha mafunjo kinachoitwa P46, cha kama mwaka 200, waraka huu umepangwa katikati ya nyaraka za Paulo, mara tu baada ya Warumi. Kwa hiyo aliyenakili aliuona ni wa Paulo. Shida ni kwamba waraka wenyewe haumtaji Paulo popote, wakati Paulo anafungua kila barua kwa jina lake. Wazee wa kanisa walishaligundua hilo mapema mno. Klementi wa Aleksandria alisema Paulo aliandika kwa Kiebrania, Luka akatafsiri. Tertuliano akasema ni Barnaba. Origeni akasema nani hasa aliuandika, ajuaye ni Mungu peke yake. Baadaye sana Luther akamtaja Apolo, na mwaka 1900 Mjerumani Adolf von Harnack akaja na Priska, mke wa Akila. Ukipenda orodha ya watuhumiwa, hakuna pa kukupa zaidi ya hapa.

Periplus imebaki kwenye nakala ya karne ya 10 iliyoko Heidelberg, na nyingine iliyo changa zaidi iko London. Kwenye kile kitabu cha Heidelberg imewekwa jirani na maandishi ya Arrian, mwandishi Mgiriki, kuhusu Bahari Nyeusi, watu wakasema basi na hii ni ya Arrian. Ujirani tu! Arrian ni mtu wa karne ya 2, na Periplus inamtaja Malichus mfalme wa Wanabataya, aliyetawala kati ya mwaka 40 na 70. Kwa hiyo Arrian katolewa, na nafasi yake hakuingia mtu.

Sikio na jicho

Hapa ndo wenye masikio wanapigana. Toccata inaanza mikono yote miwili inapiga melodia ileile, mmoja juu mmoja chini kwa okteva, jambo ambalo kwa Bach wa kinanda si la kawaida. Kwenye fyuga, maana fyuga ni pale sauti moja inatoa wazo nyingine inalidaka kama watani wanavyodakiana maneno, kuna mahali wazo linapigwa na miguu peke yake, mikono imekaa kimya. Na mwisho wake unafunga kwa namna iliyofanya wataalamu wakune vichwa. Mwaka 1981 Mwingereza Peter Williams aliyaweka yote hayo mezani, akapendekeza kwamba huenda hii mwanzo ilikuwa ya fidla moja. Christoph Wolff, mtu mzito kwenye mambo ya Bach, akajibu kwamba hiyo ni kazi ya ujana, na zile okteva ni ujanja wa kijana aliyekuwa na kinanda kisicho na sauti nzito ya kutosha. Mimi nikisoma Williams naona kashinda, nikisoma Wolff naona kashinda yeye. Naomba msinicheke.

Adagio sikio halina kazi kubwa. Sikiliza konsato yoyote ya kweli ya Albinoni, ile ya obo kwa mfano, ina mwendo, inapumua haraka, ina mwanga. Halafu rudi kwenye Adagio uone ule uzito, ule mpando wa machozi unaojaa taratibu, hiyo ni huzuni ya watu waliokwisha kusikia muziki wa karne ya 19. Ni kama shairi linalodaiwa la zamani sana halafu ndani mtu anapanda daladala.

Kwenye Requiem jicho la fundi linakamata vitu vidogo. Osanna inakuja kwanza baada ya Sanctus, katika D meja. Baada ya Benedictus inarudi Osanna ileile, safari hii katika B flati, wakati desturi ilikuwa irudi kwenye ufunguo wake wa kwanza. Mozart asingefanya hivyo, wanasema. Kwa upande mwingine Benedictus ni tamu mno, mtu unajiuliza Süssmayr aliitoa wapi, maana kazi zake nyingine hazijamfanya akumbukwe. Kwenye barua ya 1800 alidai Sanctus, Benedictus na Agnus Dei ni zake mwanzo mwisho. Wapo wanaoamini alipewa vijikaratasi na Constanze. Hapa ndipo shaka inakuwa ya kibinadamu kabisa, hatutaki kuamini kwamba mtu wa kawaida siku moja aliamka akafanya kitu kikubwa.

Waebrania soma mstari wa kwanza, "Mungu, ambaye alisema zamani na baba zetu katika manabii kwa sehemu nyingi na kwa njia nyingi". Kwa Kigiriki, ndani ya mstari huo kuna maneno matano yanayoanza na herufi p, yamepangwa kama mshairi anavyopanga vina. Paulo anaandika kwa haraka, anakatiza sentensi, anagomba, huyu wa Waebrania anajenga hoja tofali kwa tofali, Melkizedeki mpaka kuhani mkuu mpaka hema. Halafu 2:3 inasema wokovu huu ulithibitika kwetu na wale waliosikia, wakati Paulo kwenye Wagalatia 1:12 anaapa kwamba hakuipokea injili kwa mwanadamu. Kwangu hilo ni zito kuliko mambo ya mtindo. Upande wa pili wasisahaulike, 13:23 inamtaja ndugu yetu Timotheo, kwa hiyo mwandishi alikuwa mtu wa mduara uleule.

Periplus mwandishi anajisaliti mwenyewe. Anatumia majina ya miezi ya Misri, na mahali anazungumzia miti "tuliyonayo Misri". Kigiriki chake hakina mapambo, ni cha mtu wa mizigo: hapa wanauza pembe za ndovu, hapa magamba ya kasa, hapa peleka mikuki na shoka na visu, hapa maji ni mabaya nanga haishiki. Na kwenye sehemu ya 16 anasema wafanyabiashara wa Muza huko Yemen hutuma manahodha Waarabu wanaoijua pwani hii ya Azania, wameoa huku, na wanajua lugha ya watu wa huku. Karne ya 1! Mzee aliniomba nisome hapo mara mbili.

Ukifuta jina, kinabaki nini

Toccata inabaki nzima. Kinanda kikinguruma kile cha mwanzo hakuna anayeuliza cheti cha kuzaliwa.

Adagio inabadilika, na naona inabadilika kwa faida. Ukiacha kusema "Albinoni" unabaki na kazi ya mwanamume wa karne ya 20, na inabidi umpe Giazotto heshima yake kama mtunzi, maana kuwaliza watu namna ile si jambo dogo. Mwaka 1992 Vedran Smailović alikuwa akiipiga kwa chelo kwenye magofu ya Sarajevo, mji umezingirwa. Huwezi kuuambia ule muziki kwamba ni feki.

Requiem ukifuta jina inauma kidogo, maana sisi wa kwaya tumefundishwa kwamba pale kwenye Lacrimosa ndipo Mozart anajililia mwenyewe. Mwalimu wetu mmoja alituapia ni Mozart tupu. Baa 8, mwalimu, baa 8.

Waebrania ni suala la imani na sitaki kumwingilia mtu. Niseme tu kwamba Origeni huyohuyo aliyesema ajuaye ni Mungu peke yake, aliona mawazo ni ya Paulo hata kama maneno ni ya mwingine, na kanisa liliupokea waraka bila kulimaliza swali. Sura ya 11 ya imani haijapungua hata neno.

Periplus haina jina la kufutwa. Kinachobaki ni Rhapta, mji wa sokoni ambao anasema umepewa jina kutokana na mitumbwi ya kushonwa kwa kamba, na ambao mpaka sasa wanaakiolojia wanabishana ulikuwa wapi, wengine wakisema delta ya Rufiji. Yaani siri ya mwandishi inakuachia siri ya mji.

Muda na mfuko

Toccata kama dakika 9, nota zake bure mtandaoni, ila inataka kinanda chenye pedali za miguu, mpwa kibodi yako haitoshi, tafuta toleo la piano. Adagio inakaribiana kwa urefu, lakini nota si za bure, haki za Giazotto bado hai Ulaya, kwaya au bendi inayotaka kuipiga iingie mfukoni. Requiem karibu saa nzima, toleo la Süssmayr linapatikana bure, matoleo mapya ya kuikamilisha yanauzwa. Waebrania sura 13, jioni moja inatosha na chai. Periplus sehemu 66 fupifupi, tafsiri ya Kiingereza ya Wilfred Schoff ya 1912 ipo bure, ya Lionel Casson ya 1989 ni bora zaidi ila bei yake imesimama.

Sasa nani achukue ipi

Kama wewe unapiga chombo na unapenda mabishano ya kiufundi, okteva, funguo, mwisho wa fyuga, chukua Toccata, na usikilize kwanza kabla hujasoma mtu yeyote, uandike pembeni mahali pote unapohisi "hapa mbona ajabu". Ndipo usome Williams na Wolff.

Kama hujui nota hata moja na unataka tu kuona jinsi jina linavyokuchezea masikio, Adagio. Sikiliza Albinoni wa kweli wiki moja, halafu hiyo. Haikuchukui hata gharama, na inawafaa hata watoto wa sekondari.

Mwenye kwaya, au anayependa visa vya watu, mjane na mteja mwongo na mwanafunzi anayeiga saini, Requiem. Ila uwe na subira, na kama una matoleo mawili yaweke bega kwa bega, kuna Richard Maunder ambaye Sanctus na Benedictus za Süssmayr alizitupa nje kabisa, usikie pengo linavyokaa.

Anayesoma Biblia kila siku na hana hofu ya swali lisilo na jibu, Waebrania. Soma na Wagalatia pembeni. Kama swali lenyewe litakukosesha amani, iache kwanza, hakuna anayekukimbiza. Na kama wewe ni mtu wa historia, au mtu wa Kilwa, Mafia, Lamu, Mombasa, au hata umekulia Muscat na bibi alikuwa wa Unguja, mimi ningekupa Periplus bila kufikiri mara mbili, ila usitegemee raha ya fasihi, ni daftari la mzigo.

Mpwa kachukua Adagio, sijui kwa nini, nilidhani Toccata. Mzee kasema Waebrania anaujua kwa moyo, anataka Periplus, na sasa kila jioni ananipigia kuuliza Rhapta ni wapi. Mimi niko kwenye Requiem kwa sababu Novemba misa ya marehemu wote inakuja na mimi ni besi ya pili, na kwenye nota zangu pale baa ya 9 ya Lacrimosa nimechora kamstari kwa penseli.